Kabla Hujanunua Wino, Soma Karatasi ya Nozeli

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za mbegu, viwavi na bei za mazao. Leo naomba tuzungumzie mashine ambayo imeingia vijijini kwa pesa ya mazao: printa ya wino ya kuchapa picha.

Kila msimu ukiisha utaona mtu kauza ufuta, korosho au mpunga, kisha katenga fungu lake akafungua steshenari karibu na shule au ofisi ya kata. Ndani anaweka kompyuta moja, simu yenye kamera nzuri na printa ya tangi yenye rangi sita, kama Epson L805 au L8050. Kazi ipo. Kuna picha za pasipoti za fomu za shule, za vikundi vya kuweka na kukopa, picha za harusi, na ile picha ya marehemu inayowekwa mezani siku ya msiba.

Baada ya miezi michache printa inaanza vituko. Nyuso zinatoka za kijani, mistari myeupe inakata paji la uso, maandishi yanatoka kama yameandikwa mara mbili. Mwenye duka ananunua wino mpya, hali ni ileile. Anabonyeza kusafisha kichwa mara tano, mara kumi, tangi linashuka na hali ni ileile. Anaita fundi, analipa, wiki ya pili tatizo limerudi. Mwisho printa inafunikwa kitambaa kwenye kona, na pesa ya shamba imelala pale.

Msimamo wangu ni huu: hakuna shilingi inayotakiwa kutoka kwa ajili ya printa inayochapa vibaya mpaka mwenye duka awe ameshika mkononi karatasi ya majaribio ya nozeli, ya siku hiyohiyo, na ameisoma. Isitoke ya wino, ya fundi wala ya printa mpya. Wengi wanaona karatasi hiyo ni mambo ya mafundi. Mimi nasema ni kazi ya mwenye mali.

Kazi hii mnaijua tayari

Mtu akishangaa bwana shamba kuzungumzia printa, nitamwambia kwamba kinachochapa picha ni nozeli, na nozeli mkulima anazijua.

Bomba la mgongoni likianza kupuliza upande mmoja, mkulima mzoefu hakimbilii duka la pembejeo kununua chupa nyingine ya dawa. Anaweka maji matupu, anapuliza kwenye ardhi kavu au sakafu, anaangalia maji yanavyoanguka. Akiona pengo anajua nozeli imeziba. Anaifungua, anaiosha kwa maji na mswaki laini. Hachokoi kwa waya, maana waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka dawa haitatoka sawa tena.

Printa ya wino ni hivyohivyo, ila nozeli zake ni mamia, na kila tundu ni jembamba kuliko unywele. Zimepangwa kwa safu chini ya kichwa kinachokwenda huku na huku juu ya karatasi, na kila rangi ina safu yake. Karatasi ya majaribio ndiyo yale maji matupu kwenye sakafu. Printa inachora vistari vidogo vingi kwa kila rangi, na tundu lililoziba linaacha pengo.

Kuitoa si kazi. Kwenye kompyuta fungua mipangilio ya printa, nenda kwenye ukurasa wa matunzo. Utakuta huduma tatu ambazo mafundi huziita nozeli cheki, hedi klini na alaimenti, yaani kukagua nozeli, kusafisha kichwa na kulinganisha kichwa. Anza na ya kwanza. Inatumia karatasi moja ya kawaida na wino kidogo sana.

Jinsi ya kuisoma

Toka nayo nje kwenye mwanga wa mchana, hasa kwa ajili ya manjano, ambayo ndani ya duka lenye giza haionekani vizuri. Kisha angalia mambo manne.

1. Vistari vyote vipo, havijakatika. Nozeli ni nzima. Usisafishe chochote. Tatizo liko kwingine, tutaliona mbele.

2. Kuna mapengo machache, na ukirudia majaribio yanabaki palepale. Wino umekauka kwenye matundu hayo. Hapa ndipo kusafisha kichwa kunapohusika.

3. Mapengo yanahamahama. Jaribio la kwanza pengo liko juu, la pili liko chini. Au picha inaanza vizuri, rangi inapotea katikati, kisha inarudi. Mara nyingi hiyo ni hewa kwenye mirija. Angalia kama tangi lilishuka chini ya mstari wa mwisho. Kusafisha mfululizo hapa hakusaidii, mashine inahitaji kupumzika ili mapovu yatulie.

4. Rangi nzima haipo. Kabla ya kulaumu kichwa, angalia tangi la rangi hiyo. Halafu angalia kitasa cha kufungia wino wakati wa kusafirisha, kwa zile printa zilizo nacho. Printa ikitoka mjini kimefungwa na mtu akasahau kukifungua, wino haupiti.

Ukishajua rangi gani ina mapengo, picha mbovu nayo inaeleweka. Majenta, ile pinki iliyokolea, ikikosekana, picha inaelekea kijani. Samawati ikikosekana, picha inakuwa nyekundu. Manjano ikikosekana, sura zinaelekea bluu na zambarau. Kwenye printa ya rangi sita kuna pia majenta hafifu na samawati hafifu, zinazofanya kazi zaidi kwenye sehemu zenye mwanga. Ndiyo maana unaweza kuona koti jeusi limetoka safi kabisa, lakini mashavu na shati jeupe vina ukijani au mabaka. Mtu asiyesoma karatasi atasema kamera ni mbovu, au atahangaika kubadilisha rangi kwenye kompyuta siku nzima, kumbe safu moja ya nozeli imeziba.

Kusafisha kuna kipimo chake

Ushauri unaotolewa sana ni "piga hedi klini mpaka ikae sawa". Naupinga. Kusafisha kichwa maana yake ni kuvuta wino kupitia nozeli na kuumwaga. Wino huo unaingia kwenye pedi iliyo ndani ya printa, kama sifongo. Printa inahesabu kiasi kilichomwagwa, na hesabu ikifika kikomo inagoma kuchapa mpaka pedi ibadilishwe. Kwa hiyo kila unapobonyeza bila kusoma karatasi unalipa mara mbili: wino unamwagwa, na pedi inasogea kwenye kikomo.

Utaratibu ninaoshauri ndio unaofanana na vitabu vya printa nyingi za tangi:

- Safisha mara moja, kisha toa karatasi ya majaribio. Linganisha na ya kwanza.
- Kama mapengo yamepungua, rudia. Usizidishe mara tatu.
- Kama bado yapo, zima printa kwa kitufe chake na uiache ipumzike angalau saa 12. Wino mkavu hulainika taratibu na mapovu hutulia.
- Kesho yake toa karatasi ya majaribio kwanza. Mara nyingine mapengo yamepungua yenyewe. Yakibaki, safisha mara moja tena.
- Usafishaji mkubwa, ule unaovuta wino wote kwenye mirija, uwe wa mwisho kabisa. Hakikisha kila tangi lina wino usiopungua theluthi moja. Chini ya hapo unaweza kuvuta hewa na kuharibu kichwa.

Na tafadhali, usimwagie kichwa maji ya moto, petroli au thina, na usisukume kitu chochote kwa sindano kwa nguvu. Kwenye printa za tangi za aina niliyotaja, kichwa ni sehemu ya mashine na bei yake inaweza kukaribia ya printa yenyewe. Printa nyingi za bei nafuu za HP na Canon zinazotumia katriji ni tofauti: kichwa kiko kwenye katriji yenyewe. Hapo unaweza kulowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa maji safi ya uvuguvugu, ukakikandamiza taratibu kwenye uso wa nozeli kwa dakika chache bila kusugua. Ikishindikana unabadilisha katriji na kichwa kimebadilika.

Nozeli nzima, picha bado mbovu

Sasa turudi kwa yule aliyekuta vistari vyote vipo lakini picha haipendezi. Huyu ndiye anayepoteza pesa nyingi zaidi, kwa sababu anatibu ugonjwa ambao printa yake haina.

Kichwa huchapa kikienda na kikirudi. Kama safari mbili hizo hazikutani sawasawa, mstari wa wima unatoka kama ngazi, maandishi yanakuwa na kivuli, na ukingo wa uso unakuwa kama una ukungu. Hiyo haiponi kwa wino mpya wala kwa kusafisha. Inapona kwa kulinganisha kichwa. Printa itachapa vipande vyenye namba, na wewe unachagua katika kila safu kipande kisicho na mistari au mapengo, unaingiza namba yake kwenye kompyuta. Usikisie. Ikibidi mwite kijana mwenye macho mazuri.

Kuna pia mistari inayokata picha kwa mlalo, ikijirudia kila baada ya kama sentimita 2.5. Nozeli zikiwa nzima, kwanza angalia kama aina ya karatasi uliyochagua kwenye kompyuta ndiyo iliyo kwenye trei. Karatasi ya picha ya kung'aa ikiwekwa huku kompyuta inaambiwa ni ya kawaida, kiasi cha wino na mwendo wa karatasi vyote vinakosea. Kama aina ni sahihi, ndipo ulinganishe kichwa.

Zingatieni mpangilio huu: kukagua nozeli hutangulia kulinganisha. Ukilinganisha kichwa chenye matundu yaliyoziba, vile vipande vya namba vitakudanganya, na utaondoka na mashine iliyopinda zaidi.

Ukilinganisha na bado picha inatoka mara mbili, au kichwa kinagonga pembeni kwa kishindo, zima na uchomoe waya. Fungua kifuniko, angalia mkanda mwembamba wa plastiki unaoonyesha mwanga, ulionyooshwa nyuma ya kichwa. Printa inautumia kujua kichwa kiko wapi. Una vistari vidogo mno, na ukipata doa la wino au grisi printa inapotea njia. Ufute polepole kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji, bila kuuvuta. Usitumie thina, itafuta vile vistari.

Fundi alipwe kwa karatasi mbili

Sina ugomvi na mafundi. Wapo waaminifu, na kuna kazi ambazo ni zao tu: kubadilisha pedi, kutoa kichwa, kurekebisha kifuniko cha kichwa. Ninachosema ni kwamba mteja asiye na karatasi hawezi kujua alicholipia.

Fundi akija, toa karatasi ya majaribio mbele yake, andika tarehe. Akimaliza, toa nyingine. Ziweke pamoja mezani. Kama mapengo yaliyokuwepo hayapo tena, mlipe na umshukuru. Kama karatasi ya kwanza ilikuwa nzima na yeye anataka ununue kichwa kipya, muulize kwa nini. Kama ya pili ni sawa na ya kwanza, mazungumzo ya malipo yabadilike. Fundi mzuri hatachukia, maana karatasi hiyo inamlinda na yeye dhidi ya mteja atakayesema wiki ijayo kwamba hakufanya kitu.

Karatasi hizo zitundike kwenye msumari ukutani. Baada ya miezi sita utaona kama ni rangi ileile inayosumbua kila mara, au kama tatizo hutokea kila duka likifungwa wakati wa kilimo. Ni kumbukumbu kama zile za shamba ninazowahimiza kila siku.

Kinachoua printa kijijini

Nikiangalia mazingira yetu, printa haichoshwi na kazi. Inaumizwa na mambo matano, na yote mwenye duka anaweza kuyapunguza.

*Kukaa bila kazi.* Wakati wa kupanda duka hufungwa wiki tatu, wino unakauka. Mwachie mtu funguo achape ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki.

*Kuzimwa ukutani.* Ukizima kwa kitufe cha printa, kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake chenye kuhifadhi unyevu. Ukizima kwenye soketi, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kinaweza kubaki wazi hewani. Umeme ukirudi, iwashe, iache itulie, kisha uizime kwa kitufe. Printa ya wino inakula umeme kidogo kuliko ya leza, kwa hiyo hata UPS ndogo inatosha kumaliza ukurasa na kuizima vizuri.

*Vumbi.* Usiiweke mlangoni kwa barabara ya vumbi wala jirani na mashine ya kusaga. Ikishazimwa, ifunike kwa kanga safi.

*Safari.* Printa ya tangi haipandi bodaboda ikiwa imelazwa. Ibebwe ikiwa wima kama inavyokaa mezani, kitasa cha wino kikiwa kimefungwa kama ipo nacho. Ikifika fungua kitasa, kagua nozeli, kisha linganisha kichwa.

*Wino wa kuunga.* Kuongeza maji, au kuchanganya wino wa aina mbili usiojua ni wa nini, ni sawa na kuchanganya dawa mbili kwenye bomba bila kusoma lebo. Wino wa rangi iliyoyeyuka na wino wa chembechembe havichanganywi. Wino usioendana na mashine ukiganda ndani ya nozeli, huenda usitoke tena.

Kwa wanaosema hawana muda

Nimeshasikia hoja kwamba mteja amesimama kaunta, mwanafunzi anawahi fomu, huwezi kuanza kukagua nozeli. Ndiyo maana nasema ikaguliwe asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, angalau siku za Jumatatu na kila baada ya umeme kukatika. Karatasi ya picha ya kung'aa ikiharibika umepoteza zaidi ya ile karatasi moja ya kawaida ya majaribio. Picha nne za pasipoti zikirudishwa shuleni kwa sababu uso hautambuliki, mzazi ametoa nauli mara mbili, na kesho atakwenda duka lingine.

Wengine wanasema bora kusubiri printa ife kisha kununua nyingine, siku hizi ni rahisi kupata. Labda kwa mwenye duka mjini. Kwa aliyeuza magunia yake ili kuinunua, hiyo printa ni mtaji wa nyumba, na mtaji haukaguliwi siku umeshakufa.

Ipo siku karatasi itakuonyesha kwamba kichwa kimekufa kweli: umepumzisha, umesafisha kwa kipimo, fundi amejaribu, na safu nzima bado haipo. Siku hiyo usiendelee kumwaga wino. Piga hesabu ya kichwa na ya printa mpya, uamue. Hata uamuzi huo utakuwa mzuri zaidi ukiwa na karatasi mkononi kuliko ukiwa na hasira.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kuagiza wino mjini, toa karatasi moja ya majaribio, andika tarehe, utoke nayo nje kwenye mwanga. Ukishaisoma ndipo ufikirie pochi.

Kazi njema.